Herufi ya Mteremkoni

Msinitafutie jina la nchi hii. Iko mbali na kwetu, mbali kweli kweli, na mambo nitakayoyasimulia kwetu hayatokei. Yakitokea, huwa tumepitiwa na usingizi. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye bahati, maana ilikuwa na setilaiti. Barabara ya lami ya kwenda Mteremkoni haikuwa nayo, wala gari la wagonjwa lenye magurudumu yote, lakini setilaiti ilikuwa nayo, na kila asubuhi jua likianza kukolea ilipita juu ya vichwa vya wananchi ikawapiga picha bila kuwaambia wakae vizuri.

Iliundwa wizara ya kuiangalia, ikaitwa Wizara ya Kuonekana, na juu ya mlango wake paliandikwa kwa dhahabu: MACHO HAYANA PAZIA. Mwanzoni ilifanya kazi za maana. Iliona moto wa msitu kabla moshi haujafika mjini. Iliona mahindi yakinyauka wilaya ya kusini, ikawapelekea wakulima wa kusini salamu rasmi za kuwajulisha kwamba mahindi yao yananyauka. Wakulima walishukuru sana.

Kisha ukaingia mchezo. Ofisa mmoja aliyekosa kazi mchana aligundua kwamba mpindo mmoja wa mto, ukiutazama kutoka juu, ulifanana na S. Mwenzake akapata ziwa lililo kama O. Ikasemekana kwamba huko ng'ambo watoto wa shule wanaandika majina yao hivyo hivyo, kwa mito na visiwa na majangwa, na wanafurahi. Habari ikapanda ngazi mpaka ikamfikia Mtukufu Mkuu wa Nchi, naye akauliza swali moja tu: "Kama mtoto wa shule ameandikwa na mito, mimi nimeandikwa na nini?"

Tangu siku hiyo wizara nzima haikulala. Jina la Mtukufu silitaji, kwa adabu na kwa usalama, ila ni refu. Herufi zikatafutwa bonde kwa bonde zikapatikana, zote isipokuwa K. Mito ya nchi ile ilikuwa na ukaidi wake. Ilijipinda kila namna lakini kuunda K ilikataa. Baraza la Mawaziri likakaa, likaona kwamba kama Mungu alisahau kuweka K, serikali ipo. Ukachaguliwa mlima mmoja wenye msitu mzito na mteremko mzuri, unaotazamwa vyema na anga. Chini ya mlima ule kulikuwa na kijiji cha Mteremkoni, lakini hilo halikuwa na uhusiano na herufi.

Mteremkoni walilima manjano. Mzee Mhando aliyachimba, na mkewe, Bi Somoe, aliyachemsha, akayakata, akayaanika kwenye majamvi mpaka ua mzima ukawa wa rangi moja. Viganja vya Bi Somoe vilikuwa vya njano mwaka mzima, hata siku ya Idi, hata akisugua kwa ndimu. Mzee Mhando alipomwoa aliambiwa na mashangazi kwamba ameoa kiungo cha mchuzi, naye akajibu kwamba afadhali, maana chakula hakitapooza. Walizeeka pamoja bila mtoto, wakitaniana.

Mashoka yalipokuja, Bi Somoe alisimama uani, mkono kiunoni, akautazama mlima unavyonyolewa. "Mhando," akasema, "mlima huu wameuvua nguo."

"Punguza sauti, mke wangu. Kuta zina masikio."

"Masikio zinayo, miguu hazina. Mlima ndio utakaoota miguu, nakwambia."

Mzee Mhando alicheka, akamwambia akaongeze maji jikoni. Baadaye alikuwa akikikumbuka kicheko hicho na kutamani angekimeza.

K ilikamilika ikapigwa picha. Picha ile, yenye jina zima la Mtukufu kutoka mpaka hadi mpaka, ikatundikwa katika kila ofisi, kila zahanati isiyo na dawa na kila darasa lisilo na dawati. Watu walisimama mbele yake wakatafuta vijiji vyao, wakaonyeshana kwa vidole, na ukweli lazima usemwe, walifurahi. Kujiona kutoka juu kunapendeza. Hata Mteremkoni walijivunia kwamba wako chini ya mguu wa herufi.

Kisha masika yakaja. Siku hiyo Mzee Mhando na wachache wengine walikuwa wamepeleka magunia ya manjano kwenye soko la mjini. Waliporudi, njia iliishia kwenye tope. Siyo tope la kukanyaga na kupita: tope lililokuwa mlima asubuhi ile. Mti wa fenesi wa uani kwa Bi Somoe ulikuwa umebaki kilele tu, umejitokeza juu ya udongo, na hapakuwa na sauti yoyote, hata ya kuku. Mzee Mhando aliita jina la mkewe mpaka koo likakauka.

Alipokwenda mjini kwenye Wizara ya Kuonekana alikuwa na ombi moja. Hakutaka fidia, hakutaka kesi. Alitaka katapila. Serikali ilikuwa na makatapila, yaleyale yaliyong'oa visiki vya K, nayo yangeweza kuliondoa tope ili Bi Somoe apatikane, aoshwe, avishwe sanda, azikwe kama watu wanavyozikwa. Baada ya hapo Mzee Mhando angekaa matanga yake kimya, na wizara isingemsikia tena.

Alipokelewa na Bwana Tungaraza, Msomaji wa Picha Daraja la Kwanza, kijana mwenye miwani na adabu nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimefiwa."

Bwana Tungaraza alitupa jicho mlangoni haraka. "Mzee wangu, hilo neno tusianze nalo. Tuangalie picha kwanza." Akawasha kioo kikubwa ukutani, akavuta picha ile ya taifa, akaikuza, akaikuza tena. "Mteremkoni hii hapa. Nyumba zote zimesimama. Msikiti huu. Shule hii. Nyumba yako ipi?"

Mzee Mhando alinyoosha kidole kabla hajajua kwamba amekinyoosha. Palikuwa na paa la makuti, na mbele ya paa alama ya njano, ndogo, safi, kama kipande cha kiini cha yai.

"Hii rangi ni nini?" akauliza Bwana Tungaraza.

"Manjano. Mke wangu ameanika."

"Umesema mwenyewe, mzee. Ameanika. Manjano hayajianiki."

"Picha hiyo ni ya kabla ya masika, mwanangu."

"Ndiyo picha ya taifa," akasema Bwana Tungaraza kwa upole wa mtu anayesoma dua. "Nyingine hakuna. Kwa mujibu wa sheria, kilichomo kwenye picha kipo. Sasa serikali ipeleke vipi katapila juu ya nyumba ya watu, bila ruhusa ya mwenye nyumba aliyemo ndani? Mwambie mkeo aje atoe idhini."

Mzee Mhando aliona kwamba kijana anasikitika, na kwamba masikitiko yake hayana mahali pa kukaa katika ofisi ile.

Kwa kuwa hakuna nyumba iliyoanguka, hakuna aliyekosa makazi. Watu wa Mteremkoni waliolala kwenye mahema nyuma ya uwanja wa mpira walitambuliwa rasmi kama watalii wa ndani, wakakaribishwa mjini kwa tangazo la redio na kuombwa wasitupe taka. Njiani kuelekea kijijini kukawekwa askari, na yeyote aliyekamatwa na jembe alishtakiwa kwa kujaribu kuvunja nyumba ya mtu mchana. Neno "pole" lilikatazwa kwa watumishi wote wa umma, kwa sababu anayetoa pole amekiri kuna aliyefiwa. Msemaji wa serikali alikumbusha hata methali ya wazee: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali akaingia. Na mfiwa, akasema, bado hajapatikana.

Mzee Mhando alirudi wizarani, na akarudi tena. Mara ya kwanza alirudi kudai katapila. Mara ya pili pia alisema amekuja kudai katapila. Lakini Bwana Tungaraza alikuwa na macho, akaona kwamba mzee akishaingia hamtazami usoni, hutazama ukutani. Akaanza kumwekea kiti. Akiwasha kioo, mzee husogea mbele. Ile alama ya njano ilikuwa palepale, haijakauka, haijaanuliwa, na jua la asubuhi ile halikuwa limesogea. Akiitazama sana alikuwa na hakika kwamba Somoe yumo chini ya makuti, ameingia kuchukua ungo tu, atatoka sasa hivi. Alianza kuvaa kanzu safi akienda wizarani. Siku moja alipaka mafuta.

Katapila lilianza kupungua katika mazungumzo yake.

Aliyemzindua ni Mama Hidaya, mjane wa hema la jirani, aliyekuwa sokoni naye siku ile na kuacha wanawe wote wamelala kwa sababu ya mvua. Mama Hidaya hakuwa mtu wa maneno laini hata kabla ya tope.

"Mhando, umenukia marashi. Unakwenda kuposa?"

"Naenda kufuatilia."

"Unakwenda kumtazama mkeo. Usinifanye mtoto. Wote tunajua." Alikuwa anakatakata mboga, hakuinua kichwa. "Mimi sijakwenda hata mara moja. Nikienda nitaiona nyumba yangu nzima, nitalala pale pale ofisini kwao, sitaondoka. Hicho ndicho wanachotaka. Wametupa picha tuilee, watoto wetu waoze."

"Mama Hidaya, wakipiga picha mpya, ile itafutwa. Sina nyingine. Hatukuwahi kupigwa picha mimi na Somoe, hata ya kitambulisho pamoja."

Hapo mama aliacha kisu. Machozi yalimtoka bila yeye kuyajali, akayaacha yateremke. "Najua, kaka yangu. Lakini yule aliye kwenye kioo hahitaji kuoshwa. Yule wa chini anakungoja wewe umwoshe."

Mzee Mhando hakwenda wizarani siku hiyo. Alikaa hemani na marashi yake. Siku iliyofuata alikwenda kwa kanzu ya kila siku, akasimama mbele ya kioo, akaitazama ile njano kwa muda mrefu, akasema, "Ifuteni."

"Mzee?"

"Niambie namna ya kuifuta, mwanangu. Lazima sheria yenu iwe na tundu."

Bwana Tungaraza alifunga mlango. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tundu lilikuwepo. Setilaiti inapita kila asubuhi, akasema, na picha huingia, ila hakuna anayezifungua. Lakini mahali panapoonyesha mabadiliko makubwa, mashine yenyewe hupiga kelele, na wizara haina budi kutoa picha mpya hadharani. Mashine haikulipigia tope kelele kwa sababu imefundishwa kwamba udongo mtupu mlimani ni sehemu ya herufi. Ingetakiwa kitu ambacho hakijawahi kuwepo pale. Kitu cheupe, tuseme. "Na usiniulize mtu anaonekanaje. Mtu haonekani kutoka kule. Kitu kidogo kuliko nyumba hakipo."

"Kama nyumba," akasema Mzee Mhando.

"Angalau kama nyumba. Na mimi sijasema lolote."

Watalii wa ndani wakakaa chini ya turubai wakajadiliana, na haikuwachukua muda. Bafta nyeupe ilijulikana kazi yake. Magunia ya manjano yaliyobaki sokoni yakabadilishwa kwa majora ya bafta. Msikiti wa mjini ukatoa, kanisa likatoa, na fundi cherehani mmoja aliyejifanya haelewi akaacha duka wazi akaenda kunywa chai ndefu. Walishona kwa mikono na kwa mashine. Kwa kila nyumba walishona sanda moja, yenye ukubwa wa nyumba yenyewe. Wanaume ambao hawajawahi kushika sindano walijidunga wakanyamaza. Mzee Mhando aliishona ya Somoe peke yake, mishono mikubwa, iliyokwenda upande, huku akijua kabisa kwamba mkewe angeicheka.

Askari wa njiani aliwasimamisha.

"Mna majembe?"

"Hatuna."

"Hizo ni nini?"

"Nguo za kufunika," akasema Mama Hidaya.

Askari alipekua, hakuona chuma. Sheria ilikataza majembe, haikutaja nguo. Akawapisha.

Walitembea juu ya kijiji chao wakibishana kwa sauti ya chini: hapa ni kwa imamu, hapana, kwa imamu ni pale, hapa ni kisimani. Mzee Mhando aliongozwa na kilele cha mfenesi. Alipima kutoka kwenye mti kwa hatua zake za kila siku, akapajua mahali pa kitanda, akatandaza bafta na kuikaza pembe kwa mawe. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Somoe," akasema, "nimechelewa. Vumilia kidogo, wataona, watakuja na mashine." Kwingine kote bondeni watu walikuwa wamepiga magoti vivyo hivyo. Mama Hidaya alikuwa amejilaza kifudifudi juu ya sanda yake, mikono ameitanua, hakuna aliyethubutu kumwinua mpaka aliposimama mwenyewe.

Jua likakolea. Mbingu ilikuwa tupu, bila wingu. Walijitenga pembeni wasije wakaharibu weupe, wakainua nyuso. Hawakuona kitu, maana anayekuona kutoka kule wewe humwoni, lakini wote walijua kwamba kimepita.

Mashine ilipiga kelele, kama alivyosema kijana.

Wizara haikuweza kukwepa. Ikatangaza Hafla ya Kuzindua Picha Mpya ya Taifa, yenye bendi na juisi, na watu wa Mteremkoni wakaletwa kwa basi la serikali wakakalishwa safu ya mbele. Pazia likafunguliwa. Mzee Mhando alitafuta mahali pake, na njano haikuwepo. Ilikuwa imekwenda. Lakini palikuwa na sanda, na nyingine, na nyingine, nyeupe juu ya udongo mwekundu, kijiji kizima kimelazwa mbele ya macho ya nchi, na hapakuwa na mtu mwenye akili ambaye asingeelewa. Alijikuta anamshika Mama Hidaya mkono. Katapila litakuja kesho, aliwaza. Labda hata leo jioni.

Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya harusini. Aliangalia kwanza mlima, maana ndio uliokuwa na wasiwasi wake: mguu mmoja wa K ulikuwa umeporomoka mpaka bondeni.

"Ndugu wananchi! Mnaona wenyewe. Herufi ya Mtukufu haikuridhika kukaa juu peke yake. Imeteremka! Imeshuka kuwa karibu na wananchi wake!"

Vigelegele. Bendi ikapiga kidogo. Kisha kijiti chake kikagusa bonde, kikasita. "Na hivi vyeupe? Mtaalamu yuko wapi? Tungaraza, tusomee."

Bwana Tungaraza alisimama. Alimtazama Waziri. Alimtazama Mzee Mhando, na mzee akamtikisia kichwa taratibu, kama baba anayempa mwanawe moyo asome mbele za watu. Kijana alikuwa na mke, alikuwa na nyumba ya serikali, alikuwa na mama mgonjwa. Miwani yake ilikuwa na ukungu.

"Mabati, Mheshimiwa," akasema.

"Sauti!"

"Mabati mapya. Nyumba zote zilikuwa za makuti, sasa... zimeezekwa mabati."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. "Sanda!" Mama Hidaya alikuwa amesimama juu ya kiti. "Hizo ni sanda! Ni watoto wangu hao! Sanda!" Bendi ikaongezwa sauti. Mheshimiwa Waziri alimwonyesha kwa mkono, macho yamemlowa kwa mapenzi ya taifa, akawaomba waliohudhuria wamsamehe mama yule, kwa kuwa furaha ikizidi humpanda mtu kichwani. Askari wawili wa kike wakamtoa nje wakimpepea.

Mzee Mhando hakupiga kelele. Alikuwa ameganda kwenye kiti chake, anaitazama ile picha ambayo kwa ajili yake alikuwa amemtoa Somoe, na moyo wake ulivunjika kwa mara ya pili, na safari hii aliusikia.

Mambo yakaenda haraka, maana serikali ikifurahi ina kasi. Ilionekana si sawa watu wenye mabati mapya waendelee kulala kwenye mahema. Utalii wa ndani ukafungwa, mahema yakakunjwa, malori yakaletwa. Redio ya dereva ilikuwa inasoma mafanikio: kijiji kizima, kwa nguvu za wananchi, bila msaada wa nje. Njiani askari hakuwasimamisha tena, alipiga saluti.

Pale tope lilipoanzia lori lilisimama. Dereva alishuka, akatazama bonde, akazima redio. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi.

"Mzee, kwako wapi?"

Mzee Mhando alionyesha.

Dereva alichukua godoro la mzee, akalibeba kichwani, akamfuata juu ya udongo mpaka kwenye kile kitambaa cheupe chenye mishono ya kwenda upande. Hakujua alitue wapi. Mwishowe alilitua pembeni kwa uangalifu, akasimama amevua kofia, akarudi kwenye lori bila kugeuka, kwa kuwa naye ni mtumishi wa umma.

Malori yaliondoka. Watu wa Mteremkoni walitawanyika, kila mmoja kwenye nyumba yake kama ilivyotangazwa, wakakaa. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya kile kilichobaki cha mlima, na kabla ya alasiri mvua ikaanza, kwanza ya rasharasha, kisha ya kweli. Mzee Mhando alitazama huku na huku. Akaondoa jiwe kwenye pembe moja, akainua ukingo wa sanda ya mkewe, akaingia chini yake, kwa sababu ndilo bati alilopewa.